Anahema mbio, mapafu mazima: kisa cha asidi ya kisukari, saa kwa saa

Saa 4:40 usiku, bajaji inasimama mbele ya chumba cha dharura cha hospitali ya mkoa. Msichana wa miaka 19, kilo 50, anashushwa huku mama yake na shangazi wamemshika makwapani. Hamalizi sentensi: maneno mawili, anahema, mengine mawili. "Sista, tangu jana usiku anahema hivi hivi, hajalala hata kidogo," mama anamwambia muuguzi. Mkononi ana karatasi ya zahanati. Malaria haikuonekana, amechomwa seftriaksoni (antibiotiki) kwa "nimonia", na amepewa dawa ya minyoo kwa sababu tumbo linamuuma.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Mgonjwa hakuchukuliwa kwa mtu mmoja halisi, lakini namba zake zinakwenda kama zinavyokwenda wodini.

Tuanze na hiyo nimonia. Joto la mwili ni 36.4. Oksijeni kwenye kidole ni asilimia 99 bila kuwekewa gesi. Mapafu yanasikika safi, mbele na mgongoni. Pumzi ni 36 kwa dakika, na umbo lake ndilo lenye habari. Mwenye nimonia huvuta pumzi fupi fupi, anauogopa ubavu unaouma. Huyu anavuta ndefu, kifua kinajaa mpaka mwisho na kushuka mpaka mwisho, bila kituo, kama mtu aliyetoka kupanda mlima na mzigo kichwani. Adolf Kussmaul aliieleza pumzi hii mwaka 1874 kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa mahututi, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Pumzi ya kasi na ya kina, oksijeni nzuri, mapafu safi: ukiviona vitatu hivi kwa pamoja, acha kutafuta ugonjwa kifuani. Tafuta asidi kwenye damu.

Mama alipoulizwa vizuri, akaeleza mengine. Wiki tatu sasa binti anaamka usiku kukojoa mara nne, tano. Anakonda, watu wakasema ni mawazo ya mitihani. Kiu aliikata kwa soda, na chupa moja tu ya mililita 350 kwa kawaida ina sukari isiyopungua gramu 30. Kutapika kulianza siku mbili zilizopita.

Mita ya sukari inaonyesha 29 mmol/L. Mkojo una sukari na ketoni tele (ketoni ni asidi zinazotoka kwenye mafuta ini likiyavunja). Mapigo ni 124, presha 98/60, ulimi mkavu kama karatasi. Kipimo cha mimba hakina kitu, na hicho hakirukwi kwa msichana wa umri huu, maana mjamzito huweza kuingia kwenye hali hii ya asidi ya kisukari, sukari ikiwa haijapanda sana.

Damu ya gesi, na makosa yanayoingia kabla ya mashine

Damu ya kupima gesi huchukuliwa kwa bomba lililopakwa heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kidogo tu. Ikibaki nyingi inapunguza bikaboneti, kizima-asidi cha damu, kwenye majibu. Povu la hewa litolewe palepale. Hewa ya chumbani karibu haina kabonidayoksaidi, hivyo povu lililoachwa linaishusha namba hiyo na kukufanya uamini mgonjwa anahema vizuri kuliko anavyohema kweli. Sampuli isikae: ndani ya dakika 15 hivi iwe mashineni, kwa kuwa seli za damu zinaendelea kula sukari na kutoa asidi zikiwa ndani ya bomba.

Kama mshipa wa ateri unasumbua, usimtoboe mtoto wa watu mara tano. Damu ya vena inatosha kwa kazi hii: pH yake (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) iko chini kwa 0.03 hivi, bikaboneti iko juu kwa 1 au 2. Kabonidayoksaidi ya vena ndiyo isiyoaminika sana, hasa mgonjwa akiwa kwenye mshtuko.

Majibu yake: pH 7.14, PaCO2 (kabonidayoksaidi ya damu ya ateri) 18 mmHg, bikaboneti 6. Sodiamu 131, kloraidi 90, potasiamu 5.4. Mashine nyingine huandika kabonidayoksaidi kwa kPa. Zidisha kwa 7.5 upate mmHg. Waliowahi kusoma "2.4" wakadhani mashine imeharibika si wachache.

Kwanza angalia kama namba zenyewe zinapatana. Ioni za haidrojeni, kwa nanomoli kwa lita, ni 24 mara PaCO2 gawanya kwa bikaboneti. Kwa huyu: 24 × 18 ÷ 6 = 72. Mtu mzima wa afya ana 40, ambayo ndiyo pH 7.40, pH ikishuka kwa 0.3 ioni huwa zimeongezeka mara mbili, kwa hiyo 7.10 ni 80. Basi 72 inakaa sawasawa kwenye 7.14. Namba zingegongana, ungejua kuna moja imeandikwa vibaya, na ungeacha kujenga matibabu juu yake.

Sasa kila namba ina lake la kusema. pH iko chini: damu imekuwa na asidi. Bikaboneti imeanguka kutoka 24 hadi 6: chanzo kiko kwenye kimetaboliki, si kwenye mapafu. Kabonidayoksaidi imeshuka kutoka 40 hadi 18: mapafu yanajibu. Je, yanajibu vya kutosha? Zidisha bikaboneti kwa 1.5, ongeza 8, uruhusu 2 juu au chini: 1.5 × 6 + 8 = 17, yaani kati ya 15 na 19. Ana 18. Mapafu yanafanya kazi yao yote. Angekuwa na 28 tungeanza kuwaza misuli imechoka au ana nimonia kweli juu ya haya yote. Angekuwa na 10 tungeuliza kama amemeza aspirini nyingi, maana aspirini humfanya mtu aheme kupita mahitaji.

Halafu pengo la anioni, yaani chembe zenye chaji hasi ambazo mashine haikuzipima: sodiamu toa kloraidi toa bikaboneti. 131 − 90 − 6 = 35. Kawaida ni 12 hivi. Tumia sodiamu iliyopimwa, usiirekebishe kwa ajili ya sukari. (Sodiamu yenyewe si ya chini kweli: sukari imevuta maji kutoka ndani ya seli na kuichuja. Ukiongeza 1.6 kwa kila 5.6 ya sukari iliyozidi, inafika 138 hivi.) Kwa mwenye utapiamlo, ambaye albumini (protini ya damu) imeshuka, ongeza 2.5 kwenye pengo kwa kila gramu 10 kwa lita zilizopungua chini ya 40, la sivyo pengo kubwa litajificha.

Pengo la 35 maana yake kuna asidi ngeni imeingia damuni na kuacha mabaki yake. Kwa huyu ni ketoni. Zingine za kukumbuka ni asidi ya laktiki, figo zilizoshindwa, aspirini, na methanoli kwenye pombe haramu. Angekuwa ameharisha maji ya kipindupindu, bikaboneti ingeweza kuwa hiyo hiyo 6, lakini inayopotea pale ni bikaboneti yenyewe kwenye choo, kloraidi inapanda kujaza nafasi, na pengo kwa kawaida halitanuki mpaka mshtuko na figo viingilie.

Kuna kitu kimoja zaidi, na wengi hukiruka. Pengo limezidi kwa 23. Bikaboneti imepungua kwa 18 tu. Kama kila asidi iliyoingia imekula bikaboneti moja, alianza na 6 + 23 = 29, juu ya kawaida. Ilitoka wapi ziada hiyo? Kwenye beseni la kutapikia. Siku mbili za kutapika zimemwaga asidi ya tumboni na kuacha besi (kinyume cha asidi) nyuma, kwa hiyo ana matatizo mawili yanayovutana, na kutapika kumeifanya pH ionekane nafuu kuliko mzigo wa ketoni alioubeba. Usiitazame pH peke yake ukasema "si mbaya sana".

Nani anabeba nini

Kwa siku mwili hutengeneza kabonidayoksaidi ya takriban milimoli 15,000, na yote hutoka kwa pumzi. Asidi zisizoweza kuwa gesi, zinazotokana na protini tunazokula, ni milimoli 1 hivi kwa kilo kwa siku. Kwa msichana huyu ni 50. Hizo ni kazi ya figo: kwanza zirudishe bikaboneti yote iliyochujwa, ambayo kwa mtu mzima hupita milimoli 4,000 kwa siku, kisha zitoe asidi kwenye mkojo ikiwa imebebwa na fosfeti na amonia. Kati ya hao wawili iko bafa ya bikaboneti. Asidi inapoingia, bikaboneti inaikamata na kuigeuza maji na kabonidayoksaidi, na kabonidayoksaidi inapulizwa nje. Bafa hii ina nguvu kwa sababu upande wake mmoja uko wazi kuelekea hewani.

Kasi zao hazifanani. Bafa hujibu papo hapo, mapafu ndani ya dakika, figo huchukua siku tatu mpaka tano kufikia nguvu zao zote. Insulini ilipokosekana, ini la binti huyu lilianza kuvunja mafuta na kumwaga asidi za ketoni kwa mamia ya milimoli. Figo haziwezi kuufukuzia mwendo huo, na zenyewe zimekauka. Bikaboneti inaisha. Kilichobaki ni mapafu.

Ndiyo maana jambo la hatari kuliko yote usiku ule lilikuwa pendekezo lililotolewa kwa nia njema: "Tumpe diazepamu kidogo atulie, amechoka kuhema." Piga hesabu. Bikaboneti ibaki 6, pumzi itulie mpaka PaCO2 irudi kwenye 40 ya kawaida: 24 × 40 ÷ 6 = 160. Hiyo ni pH 6.80, na mioyo mingi husimama hapo. Mtego ni huo huo anapowekwa kwenye mashine ya kupumulia iliyopangwa pumzi 14 kwa dakika, kama ya mtu wa kawaida. Ikilazimu mashine, iendeshwe kwa kasi inayokaribia ile aliyokuwa anahema mwenyewe. Hakupewa diazepamu.

Dripu, potasiamu, insulini, kwa mpangilio huo

Ukavu wake ni kama mililita 100 kwa kilo, lita 5. Lita ya kwanza ya dripu ya chumvi 0.9% iliingia kwa saa moja, kisha 500 kwa saa kwa saa mbili, kisha 250 kwa saa, ambayo kwa mpira wa matone 20 kwa mililita ni matone 83 kwa dakika. Kwa mtoto mdogo spidi hii ingekuwa kubwa mno. Ubongo wa mtoto huvimba. Hata kwa huyu wa miaka 19 muuguzi aliambiwa aite daktari akilalamika kichwa ghafla, mapigo yakishuka, au akianza kuchanganyikiwa baada ya kuwa ameshapata nafuu.

Potasiamu ya 5.4 inadanganya. Mwilini mzima amepoteza milimoli 3 mpaka 5 kwa kila kilo, kwenye mkojo na matapishi. Damuni inaonekana nyingi kwa kuwa hakuna insulini ya kuiingiza ndani ya seli, na sukari kali imevuta maji kutoka kwenye seli nayo potasiamu ikafuata. Tumezoea kusema asidi ndiyo iliyoisukuma nje. Kwa asidi za ketoni sehemu hiyo ni ndogo kuliko tulivyofundishwa. Insulini ikianza, itarudi ndani kwa kishindo. Kwa hiyo majibu ya potasiamu husubiriwa kabla ya insulini: ikiwa chini ya 3.5, insulini ingoje, potasiamu itangulie.

Ya kwake iliruhusu. Insulini ya muda mfupi, ile angavu kama maji, uniti 0.1 kwa kilo kwa saa: uniti 5 kwa saa. Pampu haikuwepo. Walichanganya uniti 50 kwenye chumvi ya mililita 500, kila mililita ikawa na uniti 0.1, ikaenda mililita 50 kwa saa, matone 17 kwa dakika, kwenye mpira wake peke yake. Mililita 50 za mwanzo zilimwagwa kupitia mpira mzima kabla ya kumuunganisha, kwa sababu insulini hunata kwenye plastiki na mgonjwa angepata maji matupu saa ya kwanza. Pasipo na mtu wa kuhesabu matone usiku kucha, kuchoma uniti hizo 5 kila saa kwenye msuli ni salama zaidi kuliko dripu isiyoangaliwa.

Saa ya 2 ya matibabu sukari 23, potasiamu 4.6, ikaongezwa milimoli 20 kwenye kila lita. Soma kichupa kabla ya kuvunja: cha 15%, mililita 10, kina milimoli 20. Haichomwi moja kwa moja kwenye mshipa hata siku moja. Na mfuko ukishatiwa dawa upinduliwe mara kumi hivi, maana potasiamu ni nzito, hutuama chini kwenye mdomo wa mpira, na mgonjwa hupata dozi nzima kwa dakika chache. Saa ya 4 sukari 17.5, potasiamu 3.7, ikapandishwa kuwa 40 kwa lita, na mwendo ukiwa 250 kwa saa hiyo ni milimoli 10 kila saa.

Sindano za bikaboneti zilikuwepo kabatini na hazikuguswa. Kwa pH iliyo juu ya 7.0 hazileti faida iliyothibitika. Zinaongeza kabonidayoksaidi ambayo mapafu yaliyokwisha kuelemewa yatalazimika kuitoa, zinaishusha potasiamu zaidi, na kwa watoto zimehusishwa na kuvimba ubongo. Insulini ikikata uzalishaji wa ketoni, misuli, moyo na viungo vingine huzichoma ketoni zilizobaki na bikaboneti inarudi. Dawa hiyo tayari imo mwilini.

Saa 1:30 asubuhi

Saa 10:40 alfajiri sukari ilikuwa 12.8. Imeshuka chini ya 14, kwa hiyo dekstrosi 5% (dripu ya sukari) ikaunganishwa na insulini ikapunguzwa kuwa uniti 2.5 kwa saa. Sodiamu 136, kloraidi 103, bikaboneti 11: pengo 22. Sukari imeshinda nusu ya safari, asidi bado.

Saa 1:30, zamu zinabadilishana. Sukari 9.1. Kwenye daftari mtu akaandika "sukari imekaa sawa", insulini ikafungwa, dekstrosi ikaachwa. Saa 4:30 sukari ni 15.6, pumzi iliyokuwa imeshuka hadi 24 imepanda 30, na anatapika tena. Sodiamu 137, kloraidi 104, bikaboneti 9. Pengo 24.

Kosa hili ni la kila hospitali, na mzizi wake ni jina la ugonjwa. Tukishasema "sukari", tunatibu sukari. Lakini insulini hapa ina kazi mbili, na ile ya kuzima ketoni huchukua saa nyingi zaidi ya ile ya kushusha sukari. Insulini ya mshipani huisha ndani ya dakika chache. Ikifungwa, ini linawasha tanuri upya. Dekstrosi haikuwekwa kumlisha: iliwekwa ili insulini iendelee kwenda bila kumwangusha sukari. Vikienda, viende pamoja. Walirudisha uniti 5 kwa saa na dekstrosi palepale, na kwenye chati ikaongezwa safu ya pengo la anioni kando ya safu ya sukari, ili anayepokea zamu asome zote mbili.

Ketoni za mkojo nazo nusura ziwachanganye. Mchana mkojo ulionyesha ketoni nyingi kuliko usiku, ilhali binti anaongea sentensi nzima. Kijiti cha mkojo huona asetoasetiki tu. Ketoni iliyotawala alipokuja ni beta-haidroksibutireti, ambayo kijiti hakiioni. Kadiri anavyopona hiyo hugeuka asetoasetiki, na rangi inakolea. Pasipo mita ya ketoni ya damu, fuata pengo na hesabu pumzi dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha.

Asidi ya pili, ambayo haitibiwi

Saa 2 usiku: pH 7.33, PaCO2 31, bikaboneti 16, sodiamu 139, kloraidi 111. Pumzi 18, ameomba uji. Daktari wa zamu anaona bikaboneti 16 na kutaka insulini ya mshipani iendelee mpaka kesho.

139 − 111 − 16 = 12. Pengo limefunga. Ketoni zimekwisha. Asidi iliyobaki ni ya kloraidi, na chanzo chake ni sisi: chumvi ya 0.9% ina kloraidi 154 kwa lita wakati damu ina 100 hivi. Juu ya hapo, ketoni nyingi zilishatoka na mkojo kabla ya kugeuzwa bikaboneti, kwa hiyo malighafi ya kurudisha bikaboneti imekwenda chooni. Insulini zaidi haitaongeza chochote. Figo, sasa zenye maji, zitatoa amonia na kurejesha bikaboneti kwa siku kadhaa. Kituo chenye Ringer laktati, yenye kloraidi 109, kinaweza kuitumia baada ya lita za mwanzo na kuipunguza hali hii.

Alichomwa insulini ya mchanganyiko ya 70/30 chini ya ngozi kabla ya kula, na dripu ya insulini iliachwa iendelee saa mbili baada ya sindano hiyo ndipo ikatolewa. Ukiitoa kwanza unarudi saa 1:30 asubuhi. Dozi ya siku ilipangwa uniti 25 hivi, theluthi mbili asubuhi, theluthi moja jioni, ya kurekebishwa kliniki.

Siku ya nne bikaboneti 23, bila tone la dawa kwa ajili yake. Nyumbani hakuna friji. Mama alielekezwa kuziweka chupa ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, zikiwa zimefungwa kwenye mfuko usiopenya, mtungi ukae kivulini penye upepo. Na siku akiumwa au akitapika asiache insulini kwa kuwa hajala: apime sukari, anywe maji kidogo kidogo, na akianza kuhema kama usiku ule wasipitie zahanati.